Kofia ya Mjukuu wa Dereva

Ndani ya treni, fundi cherehani alimaliza kuimba, akamgeukia mzee aliyekaa naye. "Wimbo wa marehemu babu yangu huu. Alikuwa dereva wa treni." Kofia ya udereva aliyovaa fundi alijishonea mwenyewe, lakini hilo hakuulizwa.

"Mbona mwisho wa kila mstari unaguna, halafu unanyamaza?" mzee akauliza.

"Ndivyo babu alivyotufundisha."

"Hapo ndipo tulipokuwa tunatua reli kutoka begani, mwanangu. Huo wimbo wetu sisi wabeba reli. Madereva walikuwa wakitupigia honi tu."

Miaka thelathini ya kujigamba, na ushahidi ulikuwa mdomoni mwake! Fundi akabisha, "Labda alianza kwa kubeba, akapanda cheo."

"Mabega yake yalikuwa sawasawa?"

Fundi, ambaye kila koti la babu alilijazia sponji bega moja ili mabega yalingane, akasema leo joto limezidi, akavua kofia. Treni ikasimama.