Maisha ya Fundi Kaa Tuone na Wateja Wake

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi wateja mliojaa mpaka barabarani, tunaomba utulivu, haya ndiyo maisha ya mtu wetu kama mama yake mzazi alivyoyasema jana, akakataza lisipunguzwe neno hata moja, maana yupo aliyejitolea kuyasoma yeye, na mama akasema huyo akiigusa karatasi hii, msiba utakuwa wa watu wawili.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Kaa Tuone, alizaliwa tarehe 11 Machi mwaka 1959, katika chumba cha uani nyuma ya kiwanda cha magunia, cheti chake kimeandikwa tarehe 20, lakini karani aliyeandika hakuwepo na mama yake alikuwepo, kwa hiyo mtafuata ya mama. Alikuwa mtoto wa kwanza, na miaka tisa baadaye akazaliwa mdogo wake, huyo aliyekaa pale mbele na miwani ya jua wakati jua lenyewe halipo, na marehemu ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyemshika mkono akajifunza kutembea, na mama yake anasema laiti angemwacha atambae mpaka leo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1967 katika shule ya msingi ng'ambo ya reli, akamaliza la saba mwaka 1973, hesabu zilimpenda, kuandika kulimkataa, na kwa kuwa baba yao alikuwa ameshatangulia, Januari iliyofuata akapelekwa kujifunza ufundi wa makochi kwa mzee mmoja mkali kama pilipili, akakaa naye miaka saba. Mwaka 1981 akafungua karakana yake kwenye kona ya mtaa wa maduka ya vyuma, chumba kimoja, cherehani moja, sponji zimepangwa mpaka darini, ukipita mlangoni lazima upige chafya, na mdogo wake alipokua akamwita humo humo, akamfundisha kukata, kuvuta mkanda wa chini ya sponji, kupigilia, hakumficha kitu.

Kazi zake kubwa zilikuwa za watu wa biashara, viti vya kinyozi, viti vya mabasi, mabenchi ya daktari wa meno, na alikuwa na tabia moja ambayo mafundi wenzake waliicheka, kwamba mwezi ukipita tangu akabidhi kazi, anarudi kwa mteja mikono mitupu, hana nyundo wala mkasi, anakaa kwenye kile kiti, kimya, anasikiliza makalio yanasemaje, na kama sponji imelala upande au mkanda umelegea, keshokutwa yuko pale anarekebisha bila kuitwa. Mwenye mabasi alipomwona mara ya kwanza alidhani anafuata chochote, akamwambia, "Fundi, si tulishamalizana?", na marehemu akamjibu, "Tumalizane, kwani tumegombana? Kaa na wewe tuone," wakakaa, na jina likamganda siku hiyo, na basi lenyewe akalipanda mpaka mwisho wa njia akihama kiti hadi kiti kama mtoto mtundu, abiria wakimnunia. Ndivyo alivyowapata wateja na ndivyo walivyobaki, kinyozi miaka thelathini na ushee, mwenye mabasi mpaka kamrithisha mwanawe maneno kwamba gari jipya kabla halijabeba mtu limwone Kaa Tuone.

Tarehe 8 Septemba 1984 alifunga ndoa na muuza vitambaa, alikwenda dukani kutafuta kitambaa cha kijani akarudi na mchumba, kitambaa kakisahau, wakajaliwa watoto wanne, wote wako hapa, wote wana adabu.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa, na hapa mama yake amesema isomwe polepole. Februari mwaka jana kiharusi kilimpiga upande wa kulia, akiwa karakana na misumari mdomoni kama kawaida yake, mkono wa nyundo ukafa, akarudishwa nyumbani, na jambo la kwanza alilosema lilikuwa la wateja, akamwambia mdogo wake, "Nenda ukanikalie, waambie nikipata nafuu narudi." Mdogo wake akaenda, akaanzia kwa kinyozi, kinyozi akauliza kaka yuko wapi, na huyu bwana akainamisha kichwa, kinyozi akazima mashine, akamkumbatia, akamwambia pole sana, kazi zote za kaka yako sasa ni zako, na mdomo ambao ungesema tu "yupo nyumbani" ukafumbwa, kimya kikamnogea, maana aliona huruma inaleta kazi kuliko ufundi. Alipofika kwa mwenye mabasi hakungoja hata kuulizwa, akasema tulishamzika, tukamzika mbali, watu wachache. Mama yake alipomuuliza juzi, akajibu kwamba yeye hakusema kaka amekufa, wao ndio walielewa hivyo, na aliposikia kwamba mwenye mabasi yuko mlangoni, akakumbuka ana safari.

Na kila jioni marehemu aliketi akitazama mlango, akamuuliza mdogo wake nani kaniulizia, naye anamjibu bila haya, anakunywa chai ya shemeji yake huku anamjibu, "Kaka, watu wa biashara ni kivuli, jua likizama hawapo, wameshapata fundi mwingine," na huyo fundi mwingine ni yeye mwenyewe. Marehemu alikonda kwa hilo kuliko kwa kiharusi, akamwambia mkewe, "Kumbe miaka yote nilikaa na viti, sikukaa na watu."

Tarehe 3 Agosti mwaka huu kiharusi kilirudi, akalazwa, kauli ikakatika. Tarehe 6 mkewe alikuwa anapandisha ngazi za hospitali na chupa ya uji, akakutana na mwenye mabasi aliyekuja kumtazama mgonjwa wake, naye akamwambia, "Pole shemeji, tangu msiba sijapata nafasi ya kuja," shemeji akauliza, "Msiba upi?", akamshika shati akamvuta mpaka wodini, na mwanamume mzima akapiga magoti pale pale. Jioni ile kinyozi alikuja, daktari wa meno alikuja, wengine walikuja na nguo za kazi, wakazunguka kitanda, kila mmoja akijitaja, kila mmoja akisema tuliambiwa, fundi, tuliambiwa, na marehemu macho yapo juu, hayafumbwi, hayageuki. Daktari aliulizwa kama anasikia, akasema ukweli kwamba hajui. Alfajiri ya tarehe 7 alituacha, na kama alisikia au hakusikia hatutajua kamwe, hapo ndipo mama yake anapoungua, mtoto wake ameondoka na uongo moyoni au ameondoka bila huo uongo, hana wa kumwambia. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, lakini huyu mzaliwa naye hakusubiri hata afe.

Tunamshukuru daktari aliyesema hajui alipokuwa hajui, na muuguzi wa zamu aliyejifanya haoni watu ishirini wodini, tunawashukuru majirani kwa maji, kuni na mabega yenu, tunawashukuru wateja, ambao ndio waliokuwa wenzake wa kazi, mmefiwa mara mbili na mtu mmoja na mara zote mkamlilia kwa moyo mmoja. Mdogo wake hatumshukuru, mahema aliyoleta jana jioni ayachukue, na jeneza hili halitanyanyuliwa mpaka asimame mbele ya kila mmoja wenu aliyempa pole, aseme kwa sauti kwamba kaka yake alikuwa hai na alikuwa akiwaulizia, mama yake hataki machozi yake, anataka maneno hayo, na ana siku nzima ya kungoja.

Nawe mtoto wetu, kama kule wodini habari haikukufikia, ikufikie hapa mbele ya mashahidi, hawakukuacha, walikulilia ukiwa hai. Tulia sasa, upumzike.