Tuisheni ya Kikibosho

Kwenye basi la Gulfton, huku ughaibuni, mama mmoja alikuwa akimsimulia mwenzake filamu ya Kitamil: kijana anaficha tabaka lake ili apewe binti. "Nimecheka mpaka machozi, Prudensia. Karne hii bado wanaulizana tabaka!"

"Na mchumba wa Abigail wako?"

Mama Abigail akashusha sauti, ingawa Kiswahili mle tulikijua watatu tu, pamoja nami niliyeketi nyuma yao. "Mchaga mwenzetu, lakini wa Machame. Sisi Kibosho. Baba Abigail hataki hata kusikia. Tumemwambia kijana aseme naye ni wa Kibosho. Kila wikiendi nampa tuisheni ya salamu za kwetu."

"Si ndiyo filamu yenyewe hiyo?"

"Ile ni vichekesho, dada. Huyu anaoa kweli."

Basi likasimama kituoni kwangu. Nilitamani kuwaaga kwa Kimachame, nikajizuia.