Pori Lisiloendelezwa

Kijiwe chetu hapa Mchinga ni gogo la mnazi mbele ya birika la kahawa, na sisi wenyewe tumelikalia mpaka limeng'aa. Yupo Likwata, tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Yupo Evaristo, Soko Huria, ambaye tangu biashara iachiwe huru amefungua maduka matatu na kuyafunga yote. Mimi ni Mwekezaji. Miaka kumi nimewasimulia habari za mikorosho yangu kule Namtonya, kwenye pori aliloniachia marehemu baba. Asubuhi ile Redio akaja na habari: halmashauri ya Kilwa na ya Lindi zimeungana, zinanunua mapori ya Namtonya yabaki msitu. Sharti ni moja tu, pori liwe halijaendelezwa.

— Pole, Mwekezaji, akaniambia. Kwa mikorosho ile, hawakugusi.

— Mikorosho gani?

— Si mia tatu? Juzi ulisema inataka dawa ya salfa.

— Jamani, niliongopa. Sijapanda hata mchicha.

— Wallahi?

— Wallahi! Kule mimi ni mvivu kamili.

Soko Huria akanipa mkono.

— Hongera! Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

— Hiyo ni methali ya wanaohangaika, Soko.

— Kudanganya miaka kumi si kuhangaika?

— Lakini halmashauri mbili zinunue pori ili zisifanye kitu? nikauliza. Kutofanya kitu si tunafanya bure hapa?

— Hujui wewe, akasema Redio. Wanataka kivuli. Ulaya kimekwisha. Kitakatwa vipande, kipakiwe melini.

— Kivuli wapi! Soko Huria akadakia. Ni hewa, inajazwa kwenye mitungi. Halmashauri moja inashika mtungi, nyingine inapuliza. Ndiyo maana zimeungana. Penye miti hapana wajenzi!

Mimi sikucheka. Nyumba yangu inavuja, na mke wangu, Mwahija, nilikwishamwahidi bati kwa korosho ambazo hazipo. Pori lingekataliwa, sijui ningemwambia nini tena.

Landrova ikasimama. Akashuka binti mwenye faili, afisa ardhi, jina lake Benadetha.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba!

— Namtafuta mwenye kipande cha Namtonya.

— Ni mimi, mwanangu! Hakijaendelezwa, nakuapia!

— Vizuri. Twende tukaone mipaka. Kutoka barabara kuu tunakata kona wapi?

Nikamtazama Redio. Mara ya mwisho kufika kule nilikuwa mgongoni kwa baba.

Ndipo Mwahija akapita na kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini tunavyovila hapo kijiweni kila siku bila kuuliza vinakotoka.

— Mnakata kwenye mkwaju uliopigwa radi, akasema. Mpaka wa juu ni kijito, wa chini ni mawe matatu. Ming'oko hii nimeichimba huko huko.

Benadetha akamfungulia mlango wa mbele. Mimi nikakimbilia wa nyuma.

— Samahani, mama, Benadetha akamwuliza Mwahija. Na huyu mzee anakwenda kufanya nini?

Mwahija akanitazama, akafikiri, akapakata kikapu chake. Soko Huria akatafuta methali, hakuipata. Nikabaki nimeshika mlango, nikimwomba Redio kwa macho aseme lolote.

Redio akazimika.