Herufi ya Mzee Ukurasa

Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, katikati ya kibanda cha kujalidi vitabu na kibanda cha kuziba pancha, na birika la kahawa likikaa pale ambapo kila mkono unalifikia. Watu walikuja kupiga soga, soga ikageuka ubishi, na ubishi ulikuwa na mwamuzi wake: Mzee Ukurasa. Yule hakuwa mtu wa kujibu kwa kichwa tu. Ukimuuliza mfalme fulani alikufa lini, au watu wa dini fulani wanazikana vipi, anainuka, anakwenda chumbani kwake mtaa wa nyuma, anarudi na kitabu kimefungwa kwa taulo. Vilikuwa vitatu, vinene kweli kweli: cha historia ya dunia, cha wasifu wa watu, na cha dini. Ananawa mikono, anajikausha, anafungua, anasoma kwa sauti. Akimaliza anasema, "Ukurasa umesema," na hapo hata mbishi aliyeshindikana ananywa kahawa yake kimya. Asiyenawa hagusi, awe nani.

Sasa mzee alikuwa amefariki. Aliugua ghafla, mwenye nyumba akahangaika mpaka akawapata ndugu zake, wakaja wakamchukua. Kijiwe kilipata habari mtu ameshazikwa kwao, mbali. Vitabu vilibaki kwa Fundi Jalada, maana mzee alikuwa amevileta vishonwe upya, na asubuhi hiyo dada yake marehemu alikuwa njiani kuja kuvichukua.

Fundi alikuwa ameshona viwili akamaliza. Cha wasifu alikiacha mgongo wazi kwa makusudi. Alikuwa amekata karatasi moja yenye rangi ileile ya kurasa nyingine, akaandika juu yake mstari mmoja kwa mwandiko wake mzuri, akakwama. Mtu aliyewasomea maisha ya wakubwa wa dunia miaka yote ile hakustahili kuondoka bila ukurasa wake. Ndivyo Fundi alivyoona.

— Haya, nisaidieni, aliwaambia wenzake. Niandike nini?

— Anza na ng'ambo, alisema Mheshimiwa, aliyekuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu. Andika mzee alikuwa msomi wa ng'ambo.

— Ng'ambo ipi?

— Ng'ambo ni ng'ambo, bwana! Mtu hawezi kujua vita vyote vile kama hakukaa na wenyewe.

Tairi, mziba pancha, alikuwa na mpira wa baiskeli mapajani. Akatikisa kichwa.

— We acha. Yule alikuwa kiongozi wa dini, akaacha. Hamkumsikia akisoma kile cha dini? Sauti inashuka yenyewe.

— Dini gani?

— Zote.

— Tairi, mtu hawezi kuwa kiongozi wa dini zote.

— Ndiyo maana akaacha!

Mama Birika, muuza kahawa, akacheka kidogo, kisha akaona aibu kucheka.

— Mimi nawaambia alikuwa mshauri wa rais, rais akapinduliwa. Hebu kumbukeni, kila akifika kwenye mapinduzi anafunga kitabu anaomba kahawa.

— Koo lilikuwa limemkauka, Mama, alisema Tairi.

— Koo gani la kukaukia kwenye mapinduzi tu?

— Jamani, alisema Mheshimiwa, na sauti yake ikawa ya kutangaza hukumu. Mnaonaje kama mwenyewe yumo humu humu kitabuni? Yule mfalme mwenye ndevu pichani, aliyekimbia kiti chake asionekane tena. Mnyoe zile ndevu, halafu mwangalie pua.

— Mfalme yule ana miaka mia mbili kaburini!

— Nani alimwona akizikwa?

Siku nyingine Fundi angecheka mpaka ashike mbavu. Leo macho yalimuuma. Akaweka gundi chini.

— Sikilizeni. Hayo ya ng'ambo na ufalme tuyaache. Mimi nataka herufi tu. Kitabu hiki kimepangwa kwa majina ya watu, kuanzia A. Huu ukurasa naushonea wapi?

— Kwenye U. Ukurasa, alisema Tairi.

— Hilo tulimpa sisi.

— Basi M. Mzee.

— Mzee ni kila mtu mzima, Tairi.

— Mwenye nyumba si anajua jina lake?

— Alikuwa akimwita "mpangaji wangu." Nilikwenda kumuuliza jana. Hata hao ndugu aliwapata kwa namba ya simu tu, iliyobandikwa nyuma ya mlango.

Mama Birika alipangusa vikombe vilivyokuwa safi tayari. Fundi aliangalia ile nafasi ya mzee mwisho wa ubao, ambayo tangu msiba hakuna aliyeikalia, akasikia aibu ikimpanda mpaka masikioni. Walikuwa wamekaa bega kwa bega na yule mtu, na hata jina lake hawakulijua.

Dada mtu alifika kabla jua halijawa kali, mwanamke wa makamo aliyevaa nguo nyeusi, na begi la safari mkononi.

— Hamjambo, jamani.

— Hatujambo, dada. Karibu. Pole sana na msiba.

— Tumeshapoa. Ndivyo hivi vitabu vya kaka?

Akanyoosha mkono. Mheshimiwa, bila hata kufikiri, akasema:

— Samahani dada, kunawa kwanza.

Kisha akajiziba mdomo kwa aibu. Lakini yule dada alikuwa amesimama palepale, mkono hewani.

— Marehemu mama alikuwa hivyohivyo, alisema polepole. Nyumbani kulikuwa na kitabu kimoja tu. Ukikigusa hujanawa, siku hiyo huli.

Mama Birika akammiminia maji. Wengine wakatazamana. Miaka yote ile, hicho kilikuwa kitu cha kwanza wao kukijua juu ya kwao Mzee Ukurasa.

Yule dada akajikausha, akakaa mwisho wa ubao, palepale kwa kaka yake bila kujua. Akaiona ile karatasi, akaiweka mapajani, akasoma ule mstari mmoja: *Hakumdanganya mtu.*

— Mlikaa naye sana?

— Sana, dada, alisema Fundi. Kila siku ya Mungu.

— Basi nyinyi ndio mnaojua. Aligombana na baba, akaondoka, hakurudi. Mama amekufa anamsubiri. Tulipokuja kumchukua alikuwa hawezi tena kusema, ananiangalia tu. Sina mtu mwingine wa kumuuliza. Niambieni, aliwahi kututaja?

Tairi aliinamia mpira wake. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Fundi: kila siku, dada, kila siku alikuwa akiwataja. Lingempoza yule dada, na hakuna ambaye angelipinga. Lakini karatasi ilikuwa pale mapajani mwake, na mwandiko ulikuwa wa Fundi mwenyewe.

— Hatujui, dada, alisema. Tulimuuliza habari za dunia nzima. Za kwao hatukumuuliza.

Yule dada aliitikia kwa kichwa. Akalia bila sauti, na Mama Birika akamshika bega mpaka alipotulia. Kisha Fundi akamuuliza jina la kaka yake, naye akalitaja. Lilikuwa jina fupi, la kawaida tu, na pale kijiweni lilisikika geni kabisa. Fundi akatafuta herufi yake, akaushona ule ukurasa na mstari wake mmoja, akafunga mgongo wa kitabu. Walimfungia vyote vitatu kwa taulo, Tairi akambebea begi mpaka barabarani.

Aliporudi aliwakuta wenzake palepale ubaoni. Akakaa, akauchukua mpira wake.

— Tairi, alisema Fundi. Kwenu ni wapi?

Tairi alimtazama aone kama ni utani. Haukuwa utani. Akauweka mpira chini, Mama Birika akamjazia kikombe, na akaanza kuwaeleza.