Damiani Anataka Kibao cha Kiingereza

Hapa Ihanja, Singida, kijiwe chetu kipo kando ya lami, mbele ya nyumba ya mzee Damiani, muuza mafuta ya alizeti. Tangu Mwanvua aanze kuuza ng'ambo ya barabara, malori yanasimama kwake, na mzee wa watu hana raha. Jumamosi asubuhi akaja na dawa yake: kibao cha Kiingereza, kwa ajili ya madereva wa Rwanda. Madumu ya mafuta yaliyokuwa mezani akayaingiza ndani, akang'oa ubao wa meza hiyo, akaulaza mapajani mwetu. Brashi akampa Stanley, tunayemwita Tafsiri kwa sababu aliwahi kuendesha watalii Arusha na hajaacha kutukumbusha. Mimi nilishika birika la kahawa, kazi ninayoiweza.

— Andika tunauza mafuta ya alizeti tu, alisema Damiani. Hayajachanganywa na kitu.

— Hiyo "tu" ndiyo kazi, mzee wangu, alisema Tafsiri. Kwa Kiingereza ni "only", na haikai ovyo ovyo. Ukiisogeza, maana inasogea nayo.

— Iweke mwanzoni ionekane, alisema Miraji wa bodaboda. Huyu tunamwita Fulu Tanki, maana pikipiki yake huzimika kila siku kwa kukosa petroli.

— "Only we sell sunflower oil." Hapo umesema ni sisi peke yetu, hakuna mwingine anayeuza.

— Na Mwanvua je? aliuliza Damiani.

— Umeshamfuta.

Damiani alitabasamu, halafu akaona aibu.

— Hapana jamani. Kwenye msiba wa mama yangu alishinda jikoni kwetu akipikia wageni. Siwezi kumfuta mtu kwa rangi.

— Basi tuisogeze. "We only sell." Sasa ni kama unauza tu, hukamui.

— Nani kasema sikamui? Watu wa Sepuka wananiletea alizeti yao kwenye mashine yangu!

— Wakisikia hukamui watapeleka mjini, alisema Fulu Tanki. Wakifika mjini watazoea chipsi. Watauza mashamba. Sepuka watabaki mbuzi.

— Kwa neno moja?

— Mzee, Kiingereza kilitawala nchi nzima, kitashindwa Sepuka?

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagikia ubao. Tafsiri akaifuta kwa mkono wa shati.

— Sikilizeni. "We sell only sunflower oil." Mafuta ya alizeti, basi, hakuna kingine. Safi kabisa.

Hapo Marietha, mke wa Damiani, akatoka ndani na kuku wawili kwapani.

— Tafsiri, na kuku wangu?

— Kuku hawamo, mama.

— Hawamo? Baba Jesca, malori yasiposimama kununua mafuta yako, nyumba hii inakula nini kama si kuku?

— Wamo, wamo! Tafsiri, waingize.

Fulu Tanki akainama kama mtu mwenye siri.

— Mkiwaingiza, dereva atasoma kwamba mafuta ni ya kuku. Akifika Kigali atasema Singida wanakamua kuku. Watatuma watu kuja kuikagua mashine.

Sijui wenzangu, ila mimi nilikuwa na furaha, sikutaka asubuhi ile iishe.

Mara lori lenye namba za Rwanda likapunguza mwendo, likasimama kabisa mbele yetu. Damiani akakaa wima. Dereva, kijana mrefu, akashuka na kututazama: wanaume wanne, mama mwenye kuku, ubao mtupu na birika.

— Shikamooni wazee, alisema kwa Kiswahili kilichonyooka.

— Marahaba.

— Hapa mnauza nini?

Tafsiri alimtazama Damiani, Damiani akamtazama mkewe. Akafungua mdomo aseme mafuta tu, akawaona kuku, akaufunga.

— Au mnatengeneza mabenchi?

— Subiri kidogo, mwanangu, alisema Damiani. Ndiyo tunayapanga maneno ya kibao.

— Haina shida, mzee. Nilikuwa natafuta mafuta ya alizeti. Ngoja nivuke kwa yule mama, madumu yake nayaona.

Akavuka. Tulimwona Mwanvua akiinua dumu juani, na umanjano wake ukatufikia hadi kijiweni. Marietha aliwaweka kuku chini, akashika ubao upande mmoja.

— Baba Jesca, shika huko. Turudishe meza.

Damiani akashika, huku akijicheka mwenyewe, nami nikaenda ndani kuleta madumu.