Mzee Salim na Kina cha Kombewa

Mzee Salim Uzair ameitumikia ofisi yetu ya chanjo miaka thelathini na moja, na leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, anastaafu. Aliandikwa kazi mwezi wa Juni mwaka wa 1994 akiwa na nywele nyingi na viatu vyenye ncha. Nywele zimekwenda, viatu bado anavyo. Sherehe itaanza baada ya swala ya Ijumaa. Chakula kitatoka baada ya hotuba, na anayetaka kuonja kabla ya hotuba asije jikoni kwangu. Nimeshasema.

Wakubwa walitaka wasifu huu uandikwe na mtu wa kompyuta. Salim akasema hapana, aandike Dorca wa jikoni, kwa sababu hakuna aliyemgombeza miaka mingi kama mimi. Niliishia darasa la nne, lakini macho ninayo, na yaliyo humu niliyaona au nilimlazimisha mwenyewe anieleze.

Salim ni mtoto wa Kaloleni, hapa hapa Kisumu. Kabla ya kuja kwetu alikuwa mpiga mnada wa mitumba soko la Kibuye, na wanaomkumbuka wanasema aliweza kumuuzia mtu koti la baridi mwezi wa Januari. Sisi tulimpa pikapu yenye spika mbili juu ya paa. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vituo vya soko, kuanzia Nyamasaria hadi Bondo na kwingineko kote kando ya ziwa, akiwaambia akina mama manesi watakuja lini na watakaa wapi.

Kuna vijana ofisini wanaodhani kupiga kelele sokoni ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Wanyamaze niwaeleze. Chupa moja ya chanjo ya surua ni ya watoto kumi. Nesi akishaifungua, saa sita zikipita inamwagwa, hata kama amechanjwa mtoto mmoja tu. Kwa hiyo watoto hawatakiwi kuja mmojammoja kama kuku wanaorudi bandani. Wanatakiwa waje pamoja, siku moja, mahali pamoja, na wa kuwaleta pamoja ni mwenye spika. Akiharibu yeye, nesi na masomo yake yote atakaa kwenye benchi akihesabu inzi.

Mwaka wake wa kwanza Salim aligundua jambo. Watu hawasikilizi tangazo, lakini kila mtu akisikia jina la kwao anageuza shingo. Na jina hilo likipewa kina, yaani neno linaloishia kama lenyewe, watoto wanalidaka na kuliimba wiki nzima, na hakuna mama atakayesema hakusikia. Basi akanunua daftari. Kila mahali akapatengea ukurasa, na chini ya jina akaandika mafungu mawili. Fungu la kwanza aliliita ndugu, maneno yanayofanana na jina kabisa. La pili aliliita binamu, yanayofanana nalo kidogo, ukiyatamka haraka na mwenye masikio makali akiwa hayupo.

Maseno alipata mapema: chanjo si maneno. Usenge: kinga tuijenge. Asembo: afya ndiyo urembo. Ahero: surua ni kero. Bondo aliipa uhondo, na wanafunzi wa chuo wakacheka mpaka wakaja kuuliza ni uhondo gani unaodungwa kwa sindano. Nyamasaria ilimsumbua miaka minne. Alikuwa akitumia binamu, "Nyamasaria, nesi anakusubiria," kwa sababu ndugu wa damu wa Nyamasaria ni malaria, na nani anataka kuambiwa huyo ni ndugu yake? Mpaka zilipokuja neti za mbu. Siku hiyo alipita akisema "Nyamasaria, tufukuze malaria," akarudi ofisini ametuna kama bwana harusi.

Na Kisumu yenyewe? Ndugu wa kwanza wa Kisumu ni sumu. Kijana mmoja mgeni wa kazi alimshauri alitumie, kwamba linavuta masikio. Salim alimtazama, akamuuliza, "Gari la chanjo likipita likisema sumu, wewe mtoto wako utamleta?" Akaandika jukumu. Kwa hiyo msifikiri alikuwa mtu wa kuropoka. Alijua kwamba kina kinaweza kukaa sawa na maneno yakawa mabaya.

Alijua, halafu akasahau. Nitafika hapo.

Kwanza niseme mazuri yake, maana leo ni siku yake. Hakukosa kuja kazini ila alipougua na alipozika. Gari aliliosha mwenyewe. Sukari aliweka vijiko vinne kwa kikombe kimoja, jambo nililolipinga kwa miaka thelathini na moja bila mafanikio. Siku moja betri ya spika ilikufa akiwa Usenge, akatangaza kwa mdomo mtupu kutoka soko hadi ufuoni hadi sauti ikakauka. Siku tatu alizungumza na mkewe Subira kwa mikono, na Subira akatuambia hajawahi kupata amani kama ile.

Sasa Kombewa.

Kombewa ndiyo iliyojaliwa ndugu wengi kuliko pote. Pewa, elewa, letewa, chelewa, hewa, ukurasa ulijaa hadi pembeni. Miaka mingi alipita akisema "Kombewa, msije mkachelewa," na watoto walikuja. Lakini mtu akizoea kuchekesha, kucheka kukipungua anaona kama amenyimwa chakula. Mwaka wa 2018, asubuhi ya siku ya soko, aliona watu wamepoa. Akabadilisha. Akapita akitangaza, "Kombewa, amkeni, mmelewa!" Wachache wakacheka, akazunguka soko mara tatu.

Hakuuliza kwa nini watu wamepoa. Wiki mbili kabla ya hapo Selpha Achola, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na mwenyekiti wa akina mama wa soko lile, alikuwa amemzika mumewe. Pombe ndiyo iliyomuua, na soko zima lilijua. Mzunguko wa tatu Selpha alisimama mbele ya pikapu na beseni la maji ya kuoshea samaki, akayamwaga yote kwenye kioo. Akamwambia, "Wewe Mzee wa mjini, pombe yangu ulininunulia lini?" Wenzake wakadakia, "Mpishe apite, ameona sisi ni kichekesho!" Na Salim, ambaye hajaonja pombe hata tone tangu azaliwe, alirudi Kisumu na harufu ya samaki.

Mwezi uliofuata ilikuwa siku ya chanjo ya surua Kombewa. Nilikwenda na nesi Nabwire kubeba chai. Tulitayarisha viti, kikasha cha barafu kikajazwa chupa za kutosha watoto mia mbili. Wakaja wanne. Nabwire hakuweza kufungua chupa ya watoto kumi kwa watoto wanne, kwa hiyo aliwaambia wasubiri wengine. Walisubiri hadi jua likaanza kushuka, wakarudishwa nyumbani bila chanjo, mmoja akiwa amelala mgongoni mwa mama yake. Wakati huo surua ilikuwa imeshaonekana vituo viwili kutoka pale. Mimi nimezika mtoto kwa surua zamani, kabla magari haya hayajafika kwetu. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Mkubwa wa ofisi akasema atatumwa mtangazaji mwingine. Salim akaomba apewe siku moja ya soko, kwamba aliyefunga mlango ndiye anayejua ulikofungwa. Akapewa moja, si mbili.

Akaja jikoni na daftari lake. Akanisomea: Kombewa, mmebarikiwa. Kombewa, mmejaliwa. Kombewa, mwasifiwa. Nilimwambia ukweli. Kwanza hao ni binamu, na Kombewa ina ndugu tele, anawakimbia kwa nini? Pili, amemtukana mtu aliyefiwa, sasa anampaka sukari kwenye kidonda. Akasema, "Mama Dorca, sina jingine." Nikamwambia basi anywe chai aende, mimi nina sufuria za kuosha.

Alikaa pale hadi chai ikapoa. Kisha akasema jambo ambalo mimi, na kiburi changu chote, nililiheshimu. Alisema miaka yote hiyo alikuwa akitafuta maneno yanayosema watu wafanye nini au watu wako vipi. Hakuwahi kutafuta neno linalomsema yeye. Akaandika mawili, yote ndugu wa damu wa Kombewa: kosewa, na samehewa.

Siku ya soko nilikwenda naye, maana kwetu kwa ndoa ni Seme, upande huo huo wa Kombewa, na niliona afadhali watupiwe maji watu wawili. Alizima spika mbali. Akashuka, akamfuata Selpha kwenye meza yake ya omena, akavua kofia, akamwambia nesi atarudi Alhamisi, akaanza kumwomba radhi kwa sauti ya chini. Selpha aliendelea kupima omena za mteja. Alipomaliza akamtazama. "Mzee," akamwambia, "tusi ulitangaza kwa spika. Msamaha ndio unataka kuninong'onezea?"

Wanawake wote wa meza zile waliguna pamoja. Mimi pia niliguna, sitawadanganya.

Salim akarudi kwenye gari. Akazunguka njia ile ile, mara tatu zile zile, polepole, na spika zikiwa zimefunguliwa hadi mwisho: "Kombewa, mlikosewa. Aliyekosa ni mimi Salim, naomba kusamehewa." Mzunguko wa kwanza watu waligeuza shingo. Wa pili mlevi mmoja akapiga makofi, akafukuzwa. Wa tatu sauti ya Salim ilianza kukatika, na si betri. Alipofika kwenye meza za samaki Selpha akainua mkono, gari likasimama. Akajifuta mikono kwenye leso, akaingiza kichwa dirishani na kuchukua kipaza sauti.

Sote tulidhani atamtukana. Alisema hivi tu: "Kombewa, tumeelewa. Nesi anakuja Alhamisi. Leteni watoto." Akarudisha kipaza sauti, akarudi kwa omena zake.

Alhamisi walikuja watoto mia mbili na kumi na wawili. Nabwire alifungua chupa ishirini na mbili, na mkono ukamuuma hadi Jumamosi. Wale wanne waliorudishwa niliwatafuta mmojammoja kwenye foleni, nikawaona wote. Surua ilifika upande ule baada ya wiki tatu. Katika wale tuliowachanja, hakuna aliyelazwa.

Msiende kumsifu Salim kwa vina vyake, basi. Redio zina wenye vina wazuri kumshinda. Msifuni kwa alichofanya baadaye. Tangu mwaka ule hakuwasha spika mahali popote kabla ya kutembea sokoni kwa miguu siku moja kabla, akiuliza nani amefiwa, nani anaumwa, kuna nini mwezi huu. Alipewa mafuta ya safari moja, na siku hiyo ya kuuliza alipanda gari za abiria kwa nauli yake. Kuna vina vizuri sana alivyovifuta kwa sababu ya majibu aliyopata. Jentrix, unayeshika spika kuanzia Jumatatu, mimi sitakufundisha kina, lakini usipotembea kwanza, tutaonana.

Selpha hakutamka siku ile kwamba amemsamehe. Alisema wameelewa, ni neno jingine. Miaka saba imepita. Anamuuzia Salim omena, wanaulizana habari za watoto, anapanga foleni za chanjo kwa ukali unaonipendeza. Lakini neno lile lenyewe hajalitoa, na Salim hajalidai. Aliniambia mara moja tu, akikoroga sukari zake nne, kwamba aliliomba mbele ya soko zima na hawezi kuliomba mara ya pili, maana kuomba mara ya pili ni kulazimisha. Najua linamsumbua. Mtu asiyesumbuliwa na kitu haweki vijiko vinne.

Wiki iliyopita nilikwenda Kombewa kununua samaki wa sherehe hii. Selpha aliuliza ni wa nani. Nikamwambia. Akapima, kisha akauliza sherehe ni saa ngapi, na kama nguo ya kanisani itafaa. Sikumuuliza anakuja kusema nini, kwa sababu si langu. Nimemwekea kiti mstari wa mbele, karibu na Subira, na yeyote atakayekikalia nitamwinua.

Mzee Salim, erokamano. Asante kwa kila kituo ulichokiita kwa jina lake, na kwa watoto wanaopiga mpira leo bila kujua ni nani aliyewapigia kelele wakiwa mgongoni. Asante kwa kukubali kugombezwa. Nenda ukapumzike Kaloleni, mguu wako wa klachi uache kuvimba, Subira akuvumilie. Punguza sukari. Mungu akupe miaka ya kutosha na asubuhi zisizo na haraka.

Na huyo mama wa mstari wa mbele akisimama, msikilize hadi mwisho, hata likiwa si neno unalolingoja. Asiposimama pia, amepanda gari kutoka Kombewa na nguo ya kanisani siku ya soko lake kwa ajili yako. Mshukuru, kisha uje ule.

Dorca,
Jikoni