Teke Ambalo Kocha Alilikataa

Asubuhi hiyo Kavugho alikuwa ndani ya basi la jijini Louisville, Marekani, akienda kazini kwenye ghala, na nyuma yake ubishi ulikuwa umepamba moto. Wanaume wawili walikuwa wakilia na timu ya chuo chao, iliyofungwa jana kwa pointi mbili katika mpira wa Kimarekani.

"Bon, kijana Gaël alikuwa tayari kupiga," alisema mmoja wao, Mkongomani. "Teke moja lipite kati ya milingoti, pointi tatu, tunashinda. Kocha anamukataza juu ya nini? Anasema bakimbie na mpira, bakaangushwa, mchezo ukaisha."

"Kwa upepo ule, kaka?" mwenzake, Mtanzania, akamjibu. "Angekosa, leo mngemtukana mtoto wa watu."

Kavugho alikuwa akiwasikia. Jana Gaël alirudi nyumbani akajifungia chumbani bila kula.

Basi lilipopunguza mwendo, Mkongomani aliinama mbele. "Mama, wewe unaona je?"

"Mimi ndiye mama yake," alisema Kavugho akiinuka. "Na angefunga."

Alipokuwa akishuka, alimsikia Mtanzania akisema, "Sasa mama mzazi ulitaka aseme nini?" na ubishi ukaanza upya.